Kucha za Mpiga Gitaa Anayeingia Dojo

Kama unapiga gitaa kwa vidole, na jioni unafunga mkanda kwenda judo au karate, mkono wako wa kushoto hauna kesi. Gitaa lenyewe limekwisha kuuamulia. Ukucha mrefu kwenye mkono unaokandamiza nyuzi hugonga ubao wa shingo kabla nyama ya kidole haijaukamata uzi vizuri, na noti hutoka ikikwaruza au haitoki kabisa. Kucha za kushoto zinakatwa, basi. (Anayepiga kwa mkono wa kushoto ageuze maelezo haya.)

Kesi iko mkono wa kulia, na hata huko ni ndogo kuliko inavyozungumzwa. Mpiga gitaa la klasiki hutumia gumba, kidole cha shahada, cha kati na cha pete. Kidole cha mwisho hakipigi, kwa hiyo ukucha wake ukatwe bila mjadala. Katika kucha kumi za mikono, zinazogombaniwa ni nne tu. Na kama unapiga kwa mtindo wa gumba na shahada, ule wa wapigaji wa Katanga na wa magharibi mwa Kenya, zinabaki mbili. Jean Bosco Mwenda, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 akipiga "Masanga", ni mtu wa mtindo huo wa vidole viwili, na wanafunzi wa gitaa duniani bado wanahangaika kumfuata. Hesabu kwanza vidole unavyovitumia kweli. Wengi wanafuga kucha ambazo hazigusi uzi wowote.

Sasa tuingie dojo. Kanuni za mashindano hazifichi kitu. Shirikisho la Kimataifa la Judo linataka kucha za mikono na za miguu ziwe fupi. Shirikisho la Dunia la Karate linataka hivyohivyo kwa kucha za mikono, na jiu-jitsu ya Kibrazili nayo ina agizo lake. Sababu utaiona siku ya kwanza ya kushikana. Katika judo unakamata mkono wa gi (vazi la mazoezi) ya mwenzako na ukosi wake, na kitambaa hicho ni kizito, kimeshonwa ili kisichanike. Mwenzako anapovunja mshiko wako kwa kuvuta mkono ghafla, mkunjo wa kitambaa hupita chini ya ukucha uliozidi na kuuinua. Kidole cha pete ndicho huumia sana, kwa sababu kinashika kwa nguvu na ukucha wake ndio unaofugwa kwa ajili ya gitaa. Huo ni upande wako. Upande wa mwenzako ni mkwaruzo wa shingo, wa kope, na mara nyingine wa jicho lenyewe. Mkwaruzo mdogo wa ngozi kwenye tatami (mkeka wa mazoezi) inayokanyagwa na watu thelathini si jambo dogo: choa na vijidudu vya ngozi hupata mlango hapohapo.

Karate ina shida yake nyingine. Ngumi iliyofungwa sawasawa hukunja vidole mpaka ncha zake zikae ndani ya kiganja. Ukucha wenye milimita mbili unazuia mkunjo huo, ngumi inabaki na uwazi ndani, na ukigonga mfuko au ubao wa makiwara ukucha unasukumwa kurudi kwenye mzizi wake. Glavu za kumite, yaani pambano la karate, hazitatui hilo. Zinamkinga mwenzako zaidi kuliko zinavyokulinda wewe.

Nilimwona mwalimu mmoja wa judo akikagua kucha kwa namna niliyoipenda. Hakuangalia kwa macho. Alichukua mkono wa kila mwanafunzi, akapitisha ncha za vidole vyake kwenye ngozi laini ya ndani ya mkono wake yeye mwenyewe, karibu na kiwiko. Kwa kijana mmoja akasimama.

"Sensei, mimi napiga gitaa. Hizi ndizo kazi yangu."

"Sawa, mwanangu. Leo utatuhesabia pembeni. Kesho njoo umekata."

Mwalimu yule alikuwa sahihi, na mwongozo huu wote unasimama juu ya uamuzi wake: kucha zinakatwa kwa kipimo cha tatami, kisha gitaa linajengewa sauti juu ya kile kilichobaki. Kinyume chake hakifai. Kazi ya ukucha kwenye gitaa inaweza kufanywa na nyama ya kidole au na risha (kipande cha kupigia nyuzi), lakini jicho la mwenzako halina mbadala. Habari njema ni kwamba gitaa linasamehe mengi kuliko walimu wengi wa gitaa wanavyokubali.

Kipimo chenyewe ni hiki. Weka kiganja chako mbele ya uso, vidole vikiwa vimenyooka juu. Kama unaona ukucha ukichungulia juu ya nyama, ni mrefu kwa kazi ya kushikana. Kisha simamisha kidole wima juu ya meza na kukibonyeza: kinachogusa kwanza kiwe nyama. Mwisho fanya kama yule mwalimu, pitisha ncha kwenye ngozi ya ndani ya mkono wako. Jaribio hili la tatu ndilo muhimu kuliko yote, kwa sababu ukucha mfupi wenye pembe kali hukwaruza vibaya kuliko mrefu uliolainishwa.

Ndiyo maana wembe haufai. Najua wengi tumekulia na wembe, na mkononi mwa aliyezoea unakata vizuri, ila unaacha vipembe viwili pembeni ambavyo jicho halivioni. Tumia kikata kucha, uache nafasi kidogo, kisha umalizie kwa tupa ya kioo au msasa. Kata baada ya kuoga, ukucha ukiwa umelainika na haupasuki, ila ulainishe ukiwa mkavu, kwani ukucha wenye maji huchambuka tabaka kwa tabaka. Msasa mzuri hauuzwi madukani kwa warembeshaji peke yao. Nenda kwenye duka la rangi za magari, uombe msasa wa maji, namba 600, 1000 na 2000, kipande kimoja kimoja. Kwa bei ndogo una vifaa vya mwaka mzima. Namba 600 inatoa umbo, 1000 inafuta mistari, 2000 inaufanya ukingo wa ukucha ung'ae. Na ukingo unaong'aa ndio unaoteleza juu ya uzi bila kelele, na ndio usiomchubua mwenzako. Katika jambo hili gitaa na judo vinataka kitu kilekile.

Hapa ndipo penye ufundi, kwa hiyo tukae kidogo. Ukucha uliolingana na nyama bado unaweza kusaidia sauti ukichongwa vizuri. Angalia kidole chako cha shahada kinapopiga: hakiufikii uzi moja kwa moja kutoka mbele, kinakuja kimelala kidogo upande wa gumba. Uzi hugusa nyama kwanza upande huo, huteleza kwenye ncha, kisha unaondoka. Kama ukingo wa ukucha upande huo umechongwa uwe mteremko laini unaopanda polepole kuelekea katikati, uzi unapoondoka utaugusa ukucha kwa nukta ndogo sana, na nukta hiyo inatosha kuipa noti mwanzo ulio wazi. Kwa hiyo usichonge duara kamili kama la mrembeshaji. Weka msasa namba 1000 juu ya uzi wa tatu, upande wa msasa ukitazama juu, kisha pitisha kidole kama unapiga noti, taratibu, mara kumi hivi. Ukucha utachongeka kwenye pembe ileile unayopigia wewe, si pembe ya kitabuni. Fanya hivyo kwa kila kidole kwenye uzi wake. Halafu rudia jaribio la ngozi ya mkono. Ukucha huo utapita dojo.

Wenye kudhani kwamba bila kucha hakuna gitaa la maana wasome historia ya chombo chenyewe. Fernando Sor, Mhispania aliyeandika mbinu yake ya gitaa mwaka 1830, alipiga kwa nyama tupu na hakuupenda ukucha. Rafiki yake Dionisio Aguado alipiga kwa kucha. Waliishi pamoja Paris, na Sor akatunga kipande cha magitaa mawili, "Les deux amis", yaani marafiki wawili, cha kupigwa na wote wawili: ukucha na nyama katika muziki mmoja. Francisco Tárrega, mtunzi wa "Recuerdos de la Alhambra", aliziacha kucha katika miaka ya mwisho ya maisha yake, na mwanafunzi wake Emilio Pujol alipiga na kufundisha bila kucha. Kwamba leo karibu kila chuo kinafundisha ukucha ni kwa sehemu kubwa kazi ya Andrés Segovia, aliyehitaji sauti ya kujaza kumbi kubwa. Wewe unayepiga sebuleni, kanisani au kwenye baraza ya jioni huna kumbi hizo za kujaza.

Nyama, hata hivyo, ina masharti yake. Usiukwanyue uzi kwa juu. Weka ncha ya kidole, ubonyeze uzi kidogo kuelekea ndani ya gitaa, kisha uachie, kidole kikielekea kwenye kiganja. Uzi ulioachiwa hivyo hutikisa ubao wa mbele kwa nguvu na kutoa sauti nene. Kwa kuwa nyama ina giza katika sauti, sogeza mkono kidogo kuelekea daraja la nyuzi, mahali ambapo sauti ni kali zaidi, na utapata tena sehemu ya ule mng'ao wa ukucha. Tumia nyuzi za nailoni za mkazo mdogo. Kwenye nyuzi za chuma nyama itauma mwanzoni, lakini ngozi hukomaa baada ya wiki chache za kupiga kidogo kidogo kila siku. Itunze ngozi hiyo: usiingie dojo ikiwa imepasuka, na usiibandue magamba kwa meno.

Yapo utakayoyapoteza, na ni haki uyajue. Tremolo, ile noti moja inayorudiwa haraka na vidole vitatu, huwa na ukungu ikipigwa kwa nyama. Rasgueado ya flamenko, ambamo vidole vinafunguka na kupiga kwa nje, inategemea mgongo wa kucha, na nyama haiwezi kuibeba. Kama flamenko ndiyo maisha yako, basi chagua sanaa ya mapigano isiyoshikana: kata za karate (mfuatano wa miondoko ya kufanya peke yako) au taichi. Siwezi kukushauri uingie kwenye judo na kucha za flamenko, hata kama mwalimu wako anakuruhusu.

Kwa anayehitaji mlio mkali bila kufuga, risha ndiyo dawa ya kale, na watu wa pwani wanaijua. Katika taarab, mpiga ala iitwayo kanuni huvaa pete mbili, moja kwenye kila kidole cha shahada, zenye risha iliyobanwa ndani, na ndizo zinazozipiga nyuzi zile nyingi. Akimaliza anazivua. Mpiga udi naye hushika risha yake. Hakuna anayewaambia kwamba si wanamuziki kwa sababu sauti yao haitoki kwenye kucha. Mpiga gitaa anayo risha ya gumba, ya plastiki, inayovaliwa kama pete, na ndiyo ninayoipendekeza kuliko zote. Gumba ni kidole kigumu kukisuluhisha, kwani ukucha wake unatakiwa uwe mrefu kwa nyuzi za besi na papo hapo ndio unaosogelea uso wa mwenzako unapomshika ukosi. Vaa risha kwenye gumba, piga kwa nyama vidole vitatu vilivyobaki, na nusu ya ugomvi imekwisha. Ikikubana, itumbukize kwenye maji ya moto kwa sekunde chache, uipanue taratibu, uishikilie mpaka ipoe.

Kucha za bandia ni jambo lingine. Akriliki au jeli ya saluni ni ngumu kuliko ukucha wako, na hilo ndilo tatizo lake kwenye tatami. Ukucha wa kawaida ukikwama huvunjika wenyewe. Wa akriliki hauvunjiki, unaondoka na ukucha wa asili ulio chini yake. Jasho likijipenyeza katikati, ukucha hugeuka kijani au kupata fangasi. Na Mwislamu anajua kwamba tabaka lile linazuia maji ya udhu. Wapo wapiga gitaa wanaokata kipande cha mpira wa tenisi ya meza na kukigandisha chini ya ukucha kwa supaglu. Mbinu hiyo inafanya kazi kwa onyesho la usiku mmoja, mradi kitolewe chote kabla ya mazoezi. Ila tahadhari: usiiguse supaglu kwa pamba wala kitambaa cha pamba. Zikikutana hupata moto ghafla na kuunguza vidole. Usitumie kitu kuifuta.

Itakuja siku una onyesho la gitaa na kweli unataka kucha. Hapo kinachokuokoa ni kalenda. Ukucha wa mkono hukua takriban milimita 3 kwa mwezi, sawa na sehemu ya kumi ya milimita kwa siku. Kutoka kulingana na nyama mpaka milimita moja na nusu, ambayo inamtosha mpiga klasiki wa kawaida, unahitaji wiki mbili mpaka mbili na nusu. Vidole havikui sawa: cha kati kinakimbia, gumba linachelewa. Kwa hiyo acha kulikata gumba mapema, siku tatu au nne kabla ya vingine. Katika wiki hizo usiache dojo. Mwambie sensei, ufanye kata, ufanye ukemi (kuanguka kwa usalama) peke yako, ujenge miguu na pumzi, uhesabie wengine. Usishikane na mtu. Asubuhi baada ya onyesho, kata.

Kwa mtihani wa mkanda au mashindano fanya kinyume: kata siku mbili kabla, si saa mbili kabla. Ukucha uliotoka kukatwa una ukingo mpya unaokwaruza, na siku mbili za kuosha vyombo na kupitisha msasa namba 2000 huulainisha. Halafu pima tena jioni ya kuamkia siku yenyewe.

Anayefanya karate ya kata na mazoezi ya msingi tu, bila kushikana, anaweza kuishi na nusu milimita kwenye vidole vitatu vya kulia mwaka mzima, mradi ngumi inafunga bila ukucha kuchoma kiganja. Nusu hiyo inatosha kwa mteremko niliouelezea. Kwa judo, jiu-jitsu, aikido na mieleka, hapana. Bandeji ya michezo inayofungwa kwenye ncha ya kidole huteleza kwa jasho dakika ya tano, na mara nyingi hufunguka wakati ambao mshiko ni mkali. Ifunge kulinda kidole kilichoumia, usiifunge kuficha ukucha.

Ukucha ukichanika mazoezini, usiung'oe. Toka kwenye tatami, kata kipande kilicholegea, osha kwa maji na sabuni, funga plasta, na maliza mazoezi pembeni. Ufa ulio juu ya nyama unaweza kuzibwa kwa tone la supaglu nyumbani. Ufa ulioingia kwenye nyama usitiwe gundi yoyote. Damu ikijikusanya chini ya ukucha na kidole kinapwita, au ukucha ukiwa umeinuka kwenye mzizi, nenda zahanati siku hiyohiyo. Ukucha wa mkono uliotoka wote huchukua karibu miezi sita kurudi, na hiyo ni miezi sita ya gitaa kwa vidole pungufu.

Za kila siku ni chache. Kulowa na kukauka mara nyingi kunazifanya kucha ziwe za kuvunjika, kwa hiyo vaa glavu unapofua, na paka mafuta ya nazi usiku kwenye ukucha na ngozi inayouzunguka. Na kucha za miguu: zikate moja kwa moja bila kuchimba pembeni, kila wiki mbili. Kwenye judo na karate mguu mtupu hupita karibu na kifundo cha mwenzako mara nyingi kuliko mkono.

Mwisho, zungumza na walimu wako wote wawili kabla hawajagundua wenyewe. Mwalimu wa gitaa ajue kwamba unapiga kwa nyama kwa makusudi, akufundishe mguso wa nyama badala ya kukugombeza kwa kucha. Sensei ajue tarehe za maonyesho yako. Kikata kucha na kipande cha msasa namba 1000 viweke kwenye mfuko wa gi, si kwenye mkoba wa gitaa, na uvitoe kila siku kabla ya kuinama na kuingia tatami.